Shabu, Mafuta na Kinga ya Mtoto Mchanga

Mwaka 2006, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, watoto 60 waliozaliwa na mama wenye VVU waliandikishwa, kwa ridhaa ya mama zao, katika jaribio la kwanza barani Afrika la kuwachanja watoto wachanga dhidi ya virusi hivyo. 48 wakapewa chanjo iitwayo ALVAC na 12 wakapewa dawa bandia, sindano ya kwanza ikitolewa mara baada ya kuzaliwa na nyingine katika wiki ya 4, ya 8 na ya 12. Matokeo, ambayo Profesa Pontiano Kaleebu na wenzake waliyachapisha mwaka 2014, yalikuwa na faraja na majonzi pamoja: chanjo haikuwadhuru watoto, lakini miili yao iliijibu kwa unyonge. Nairobi nako watoto wa mama wenye VVU walichanjwa kwa chanjo iitwayo MVA.HIVA walipotimiza wiki 20, na habari zake zikawa za namna ile ile, yaani usalama ulikuwapo, mwitikio haukutosha.

Chanjo hizo mbili zilibebwa na virusi vya jamii ya ndui vilivyodhoofishwa, wala hazikuchanganywa na kile kitu ambacho wataalamu hukiita ajuvanti, nacho ni kichocheo kinachotiwa pamoja na chanjo ili mwili uipokee kwa uangalifu mkubwa zaidi. Mintarafu ya kitu hicho nataka kuzungumza na wasomaji wa Punia na wa mkoa mzima wa Maniema, huku mashariki mwa Kongo, kwa sababu naamini kwamba mustakabali wa chanjo ya VVU kwa watoto wetu unategemea ajuvanti kwa kadiri ile ile unavyotegemea chanjo yenyewe, na kwamba kwa miaka mingi ajuvanti imeulizwa swali moja tu, ina nguvu kiasi gani, ilhali swali linalomfaa mtoto mchanga ni jingine: inauelekeza mwili wake wapi?

Asili ya elimu hii ni ya unyenyekevu. Gaston Ramon, tabibu wa mifugo aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur nchini Ufaransa, alitambua katika miaka ya 1920 kwamba farasi waliodungwa sumu iliyofishwa ya dondakoo walitoa kingamwili nyingi zaidi pale ambapo ngozi iliyochomwa sindano ilivimba na kutunga usaha. Naye, badala ya kulidharau jambo hilo kama ajali isiyo na maana, akaanza kuichanganya chanjo na vitu vya kawaida kabisa, kimojawapo kikiwa tapioka, yaani wanga wa muhogo ule ule unaoliwa kila siku katika nyumba zetu, na mwaka 1925 akatangaza kwamba michanganyiko ya namna hiyo huzidisha kinga. Mwaka uliofuata, nchini Uingereza, Alexander Glenny na wenzake wakaonyesha kwamba shabu hufanya kazi hiyo kwa uthabiti, na tangu hapo chumvi za alumini, ambazo ni jamaa za shabu, zimekuwa ajuvanti iliyotumika zaidi duniani kwa muda wa karibu karne moja. Kila mtoto wa Punia anayepelekwa kituo cha afya akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14, huzipata chumvi hizo katika chanjo ya magonjwa matano na katika chanjo ya nimonia. Na aghalabu hupata, bila ya mama yake kuambiwa, ajuvanti ya pili, kwani vijidudu vya kifaduro vilivyouawa na kutiwa katika ile chanjo ya matano huuamsha mwili wa mtoto uziangalie pia chanjo nyingine zilizomo katika chupa hiyo.

Kwa nini vitu hivi hufanya kazi, hakuna aliyejua kwa miongo mingi. Mwaka 1989 Charles Janeway, mwalimu wa elimu ya kinga katika chuo kikuu cha Yale, alitoa hoja kwamba mwili haukasirikii kila kitu kigeni, bali hungoja kwanza dalili ya hatari, na kwamba lazima viwepo vipokezi vya kuzaliwa navyo ambavyo kazi yake ni kuitambua dalili hiyo. Vipokezi hivyo vikapatikana, vikaitwa vya Toll, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011 ikawaendea Jules Hoffmann na Bruce Beutler kwa kazi hiyo, pamoja na Ralph Steinman aliyezigundua seli zinazobeba habari za adui kutoka jerahani hadi kwenye tezi. Leo twajua kwamba kipokezi cha Toll cha 4 hutambua mafuta ya ngozi ya bakteria, kile cha 7 na cha 8 hutambua vipande vya RNA vya virusi, na cha 9 hutambua DNA ya bakteria. Na kila kimoja, kinapoguswa, hutoa amri zisizofanana na za mwenzake, kingine kikiagiza kingamwili, kingine kikiagiza seli za kuua, kingine kikiamuru uvimbe na homa. Wazee wa msitu wetu walipopeleka habari kwa ngoma ya mti, msikilizaji wa kijiji cha pili hakuipima habari kwa ukubwa wa mlio bali kwa mpangilio wa mapigo, na kwa mapigo hayo alijua kama ameitwa msibani au vitani. Ajuvanti ni mapigo hayo, na antijeni, ile sehemu ya adui iliyomo ndani ya chanjo, ni jina la mtu anayetajwa.

Sasa tumtazame msikilizaji mwenyewe. Mtoto aliyeko tumboni hukaa miezi tisa akigusana na mwili wa mama ambao, kwa hesabu ya urithi, nusu yake ni mgeni kwake, na kama kinga yake ingekuwa kali kama ya mtu mzima, ujauzito usingefika mwisho wake salama. Kwa hiyo amejaaliwa kinga yenye upole, iliyo nyepesi kuvumilia na nzito kuwaka. Anapozaliwa, seli zake za kubeba habari hutoa kwa uchache ile ishara iitwayo IL-12, ambayo ndiyo inayoziagiza seli saidizi kupambana na virusi vilivyojificha ndani ya seli, na hutoa kwa wingi IL-10, ambayo kazi yake ni kutuliza. Seli zake saidizi hupinda upande mmoja, ule unaofaa zaidi kwa kingamwili za aina fulani kuliko kwa vita vya ndani ya seli. Na yale maeneo ndani ya tezi ambamo seli B hulelewa, hushindanishwa na kunolewa mpaka zitoe kingamwili zilizo bora, huchelewa kukamilika, ndiyo maana kingamwili za mtoto hupanda kwa taratibu na kushuka kwa haraka. Ni uchanga wa kinga pia uliofanya chanjo ya Hib, ambayo antijeni yake ni sukari ya bakteria, isifae kitu kwa mtoto wa chini ya miaka miwili mpaka ilipofungwa pamoja na protini.

Fauka ya hayo, mtoto huja duniani na amana ya mama yake. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo na kumlinda miezi ya mwanzo, nazo ni rehema kubwa. Lakini kingamwili hizo hizo, zikikutana na antijeni ya chanjo, huweza kuifunika kabla mtoto hajaiona. Mtoto wa mama mwenye VVU huzaliwa na kingamwili dhidi ya gamba la nje la virusi hivyo, kwa hiyo chanjo yoyote tutakayompa haitakuta uwanja mtupu.

Kwa muda mrefu wengi waliyachukua maelezo haya kuwa ni orodha ya upungufu, wakahitimisha kwamba mtoto mchanga ni mtu mzima aliyepungukiwa, na kwamba dawa yake ni kumpigia kelele zaidi. Mimi nakataa hitimisho hilo, na ithibati kubwa ya kulikataa imetoka hapa hapa Afrika ya Mashariki.

Kati ya mwaka 1992 na 1998, mjini Nairobi, Ruth Nduati na wenzake waliwafuatilia mama 425 wenye VVU, waliogawanywa kwa kura, wengine wakinyonyesha na wengine wakiwapa watoto maziwa ya kopo, na walipochapisha hesabu yao mwaka 2000 ilidhihirika kwamba hadi umri wa miaka miwili watoto 36.7 katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa wameambukizwa, na wa kundi la pili 20.5. Tofauti hiyo ya watoto 16 katika 100 ndiyo iliyoiambia dunia kiasi cha hatari iliyokuwamo katika maziwa ya mama asiye na dawa. Damu ya watoto wale ilihifadhiwa, na mwaka 2014 Leslie Goo na Julie Overbaugh, wakifanya kazi Seattle pamoja na wenzao wa Kenya, walitoa habari iliyowashangaza wataalamu wengi: watoto walioambukizwa wangali wachanga walikuwa wametengeneza kingamwili zenye uwezo wa kuzizuia aina nyingi tofauti za VVU, na walifanya hivyo mapema kuliko watu wazima, ambao wachache wao hufika huko baada ya miaka kadhaa. Mwaka 2016 kukatolewa, kutoka kwa mmoja wa watoto hao, kingamwili iliyoitwa BF520.1, ambayo ilipata upana wake kwa mabadiliko machache, ilhali kingamwili za namna hiyo kwa watu wazima aghalabu hubeba mabadiliko mengi ya miaka mingi.

Naomba msomaji asipite hapo kwa haraka. Watoto wale walikuwa wagonjwa, wengi wao walizaliwa katika zama ambazo dawa hazikuwafikia, na walichokiacha katika vichupa vya damu ni ushuhuda kwamba kinga ya mtoto mchanga inaweza kuifikia njia ambayo watafiti wa chanjo wameitafuta tangu miaka ya 1980, na kuifikia kwa hatua chache. Virusi vyenyewe viliuonyesha mwili wa mtoto njia hiyo kwa gharama ya maisha. Kazi ya chanjo ni kuuonyesha bila ya gharama hiyo, na hapo ndipo ajuvanti inaporudi katika maneno yetu, kwa kuwa chanjo ya protini isiyo na ajuvanti ni jina tupu lisilo na mapigo.

Ithibati ya pili ilikuwa imelala makabatini Marekani. Katika miaka ya 1990 watoto waliozaliwa na mama wenye VVU walichanjwa huko kwa protini ya gp120, iliyo sehemu ya gamba la virusi, katika jaribio lililoitwa PACTG 230; kundi moja lilipata protini iliyochanganywa na shabu, kundi jingine protini iliyochanganywa na MF59, ajuvanti ya matone madogo sana ya mafuta ya skwaleni ndani ya maji. Jaribio likaisha, likasahauliwa. Kisha mwaka 2009 kukaja habari za Thailand, ambako jaribio la RV144, lenye watu wazima zaidi ya 16,000, lilipunguza maambukizo kwa asilimia 31.2, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba waliolindwa aghalabu walikuwa na kingamwili za IgG dhidi ya kipande cha gamba kiitwacho V1V2, na kwamba wingi wa kingamwili za IgA katika damu uliambatana na hatari zaidi. Genevieve Fouda, Sallie Permar na wenzao wakazifungua tena chupa za damu za watoto wa miaka ya 1990, wakitafuta kitu ambacho mwanzoni hakuna aliyejua kukitafuta. Walichokikuta, wakakichapisha mwaka 2015, ni kwamba watoto waliopata chanjo yenye MF59 walikuwa na IgG dhidi ya V1V2 kwa kiasi kilichozidi hata kile cha watu wazima wa Thailand, kwamba kingamwili hizo zilidumu, na kwamba IgA ilikuwa nadra sana. Miaka michache baadaye wakalinganisha watoto na watu wazima waliopata chanjo ile ile yenye MF59, na watoto wakawashinda wakubwa.

Mtafiti mwenye hadhari atasema, na atakuwa amesema haki, kwamba chanjo zile mbili za PACTG 230 hazikutofautiana kwa ajuvanti peke yake, kwani protini zenyewe zilitoka katika virusi viwili tofauti na kwa watengenezaji tofauti, kwa hiyo si halali kuipa MF59 sifa yote. Hata hivyo hoja ya msingi inabaki pale pale: mtoto mchanga, akipewa mapigo anayoyasikia, hajibu kwa udogo. Matone ya mafuta yale huita seli nyingi mahali palipodungwa, nazo huibeba antijeni mpaka kwenye tezi, na msaada huo unalingana na mahali ambapo mtoto ana uhaba.

Lau habari zingeishia hapo, tungeliweza kusema kwamba mafuta ni bora kuliko shabu, tukafunga kitabu. Hazikuishia hapo.

Mwaka 2016 Monica Vaccari, Genoveffa Franchini na wenzao walichapisha matokeo ya nyani waliochanjwa kwa utaratibu ulioiga ule wa Thailand, kundi moja protini yake ikiwa na shabu na jingine MF59. MF59 iliamsha mwitikio mkubwa zaidi. Shabu ndiyo iliyowalinda nyani. Kisha Afrika ya Kusini, katika jaribio la HVTN 702 lililoanza mwaka 2016, chanjo ya mfano wa Thailand ilitengenezwa upya kwa aina ya virusi vya kusini mwa Afrika na shabu ikabadilishwa kwa MF59, kwa matumaini kwamba ajuvanti yenye nguvu zaidi italeta kinga iliyo kubwa zaidi. Mwaka 2020 sindano zikasimamishwa, na katika watu 5,404 walioshiriki, walioambukizwa walikuwa 138 katika waliochanjwa na 133 katika waliopewa dawa bandia. Mambo mengi yalikuwa tofauti kati ya Thailand na Afrika ya Kusini, wingi wa maambukizo na aina ya virusi vikiwa vya kwanza, wala siwezi kwa insafu kuitupia MF59 mzigo wote. Lakini yeyote aliyedhani kwamba wingi wa mwitikio ni kipimo cha ulinzi alipata jibu lake.

Na kuna sababu ya ndani inayofanya VVU visiwe kama dondakoo au pepopunda katika jambo hili. Virusi hivi hula seli saidizi za CD4, na huzipenda zaidi zile zilizoamshwa. Ajuvanti inayoziamsha seli hizo kwa wingi, na kuziacha macho katika utumbo na kooni mwa mtoto anayenyonya maziwa yenye virusi, huenda ikaandaa chakula cha adui katika nyumba ile ile inayoilinda. Hatari hii si dhana tupu: nyani wachanga waliochanjwa na kundi la Kristina De Paris kwa chanjo zilizobebwa na bakteria wa kifua kikuu waliodhoofishwa walibaki na seli za CD4 zilizochangamka, na wakaambukizwa kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo sharti la ajuvanti ya mtoto ni zito kuliko la mtu mzima: iziamshe seli B na wasaidizi wake ndani ya tezi, na iziache seli za utumbo katika utulivu wake.

Ndiyo maana macho ya watafiti wengi yamegeukia vipokezi vya Toll vya 7 na 8. Ofer Levy wa Boston alionyesha tangu miaka ya 2000 kwamba seli za damu ya kitovu, ambazo hujibu kwa unyonge vichocheo vingi, hukijibu kile kinachokigusa kipokezi cha 8 kwa nguvu inayokaribia ya mtu mzima. Ajuvanti iitwayo 3M-052 imetengenezwa ili iviguse vipokezi hivyo, nayo imefungwa mkia wa mafuta ili isisambae mwilini bali ikae pale ilipodungwa, jambo ambalo hupunguza homa na uvimbe wa mwili mzima. Katika nyani wachanga ajuvanti hii imeinua kingamwili dhidi ya gamba la VVU, na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba, ikichanganywa na protini iliyosanifiwa kwa makusudi ya kuziita seli B za mwanzo kabisa, iliwafanya baadhi ya nyani hao waanze njia ya kuelekea kingamwili zenye upana, njia ile ile iliyoonekana kwa watoto wa Nairobi. Kwa binadamu, jaribio la HVTN 135 huko Afrika ya Kusini limewachanja watoto wa mama wenye VVU, siku chache baada ya kuzaliwa, kwa protini ya gp120 iliyochanganywa na GLA-SE, ajuvanti inayogusa kipokezi cha 4. Ulinzi wenyewe bado haujathibitishwa kwa mtoto hata mmoja, na nalisema hili waziwazi ili pasiwe na mama atakayesoma safu hii akadhani kwamba chanjo iko njiani kuja Punia mwezi ujao.

Umri nao una hukumu yake, na mfano mzuri ni malaria. Chanjo ya RTS,S, ambayo ajuvanti yake imetengenezwa kwa saponini ya gome la mti wa Chile pamoja na mafuta ya bakteria yaliyopunguzwa makali, ilijaribiwa katika vituo vya nchi saba za Afrika, vikiwamo vya Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania na cha Kilifi kwa Kenya. Watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 walipata kinga ya takriban nusu katika mwaka wa kwanza, na walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12 wakapata takriban theluthi. Chanjo moja, ajuvanti moja, miezi michache ya tofauti. Kingamwili za mama, uchanga wa tezi, na msongamano wa chanjo nyingine siku hiyo hiyo, vyote hutajwa kuwa sababu. Nani basi atathubutu kuchukua ajuvanti iliyopimwa kwa vijana wa Durban au wa Boston akasema kwamba itafaa kwa mtoto wa wiki 6 katika msitu wa Maniema, pasipo kuipima kwake?

Hapa nataka nikae, kwa kuwa hapa ndipo mambo ya maabara yanapokutana na barabara zetu. Kinga iliyo bora leo kwa mtoto wa mama mwenye VVU ni dawa anazomeza mama: akipimwa mapema na kumeza dawa bila ya kukatiza, hatari ya kumwambukiza mtoto, hata akinyonyesha, hushuka chini ya 5 katika 100, na hakuna chanjo iliyopo wala inayotarajiwa karibuni inayoweza kuchukua mahali pa dawa hizo. Walakini duniani kote takriban watoto 120,000 waliambukizwa mwaka 2023, na wengi wao ni wa mama ambao hawakupimwa, au waliopimwa wakakutwa salama kisha wakaambukizwa wakiwa wananyonyesha. Msomaji wa Punia hahitaji kuelezwa jinsi hilo linavyotokea katika nchi ya machimbo ya madini, ambako wanaume huja na kuondoka kwa msimu na mama hupimwa mara moja tu, kama kipimo kipo. Chanjo ya mtoto ingemkuta mtoto huyo hata pale ambapo kipimo hakikumkuta mama yake. Tena ingekuwa na manufaa ya pili ambayo aghalabu husahauliwa: kinga ya VVU yenye upana itahitaji kujengwa kwa sindano za hatua kwa hatua, na anayeanza akiwa mchanga ana miaka 12 au 15 ya kuijenga kabla ya ujana kumfikisha kwenye hatari ya pili.

Lakini chanjo hiyo itasafiri. Itatoka Kinshasa mpaka Kindu, na kutoka Kindu itapita msitu, mito na matope mpaka ifike katika friji ya jua ya zoni ya afya, kisha itachukuliwa kwa pikipiki ndani ya sanduku la barafu. Wauguzi wetu wanalijua jambo moja kuhusu ajuvanti kuliko maprofesa wengi, kwa kuwa wamefundishwa kulifanya kwa mikono: chanjo yenye shabu ikigandishwa huharibika, kwani chembe za alumini hushikamana na kutua chini, na ile njia ya kuitikisa chupa na kuitazama kama inajitenga ndiyo hukumu ya kuitumia au kuitupa. Matone ya mafuta nayo yakiganda huvunjika. Chanjo za mRNA, ambazo vifuko vyake vya mafuta hujifanyia kazi ya ajuvanti, zinahitaji baridi kali ambayo kwetu ni taabu kuipata hata katika mji mkuu wa mkoa. Kwa hiyo, anapokaa mtaalamu kuchagua ajuvanti, anachagua pia, ajue au asijue, ni watoto gani watakaofikiwa na ni watoto gani watakaoachwa. Ajuvanti inayotoa kingamwili mara mbili lakini haiwezi kuvuka mto Lualaba ni duni, kwa mtoto wetu, kuliko ile inayotoa nusu yake na kufika.

Na itafika kwa watu wenye kumbukumbu. Mwaka 1987 Daniel Zagury wa Paris na wenzake walichapisha katika jarida la Nature habari za chanjo ya UKIMWI waliyoijaribu kwa Zagury mwenyewe na kwa wajitoleaji wa Zaire, na maswali juu ya ridhaa na maadili yaliyozuka baadaye juu ya kazi ile yamebaki katika fikra za watu wa nchi hii. Mama akiuliza ndani ya sindano kuna nini, ana haki ya kujibiwa kwa ukamilifu: kuna kipande cha virusi kisichoweza kuambukiza, na kuna kichocheo, na kichocheo hicho huenda kikamletea mtoto homa ya siku mbili, uvimbe wa paja na usiku wa kilio. Aelezwe pia kwamba ajuvanti nyingine ziliwahi kutiliwa shaka, kama ile ya AS03 iliyokuwamo katika chanjo ya mafua ya Pandemrix ya mwaka 2009, ambayo huko Finland na Sweden iliambatana na maradhi ya usingizi kwa baadhi ya watoto na vijana, na kwamba ni kwa sababu ya habari kama hizo ndiyo majaribio huanza na watoto wachache na kuwafuatilia kwa miaka. Kumficha mama jambo hilo kwa kuogopa kwamba atakataa ni kumdharau, na mama aliyedharauliwa hukataa na zile chanjo nyingine ambazo tayari zinaokoa maisha.

Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba haitaendeleza fedha za miungano mikuu miwili ya utafiti wa chanjo ya VVU, ule wa Duke na ule wa Scripps, na kazi nyingi nilizozitaja hapa zilitoka katika maabara zilizotegemea fedha za serikali hiyo. Ni hasara kubwa, na wa kwanza kuilipa watakuwa watoto. Lakini katika kupunguzwa huko kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi nasi, nayo ni kwamba wachache watakaobaki na fedha watapima ajuvanti zao kwa watu wazima kwanza, na kwa watoto mwisho, au wasiwapime kabisa, wakiona kuwa ni nafuu.

Serikali zetu na taasisi za afya za Afrika zinazokubali majaribio ya chanjo katika ardhi yao zina uwezo wa kuweka masharti, na sharti ambalo ningelitaka mimi ni hili. Chanjo yoyote ya VVU ikishaonekana salama kwa watu wazima, ipimwe mapema kwa watoto, protini ikiwa moja na ajuvanti zikiwa tatu, yaani shabu, matone ya mafuta, na kichocheo cha vipokezi vya 7 na 8, ili tofauti itakayoonekana iwe ya ajuvanti na si ya kitu kingine. Sindano zitolewe wiki ya 6, ya 10 na ya 14, siku ile ile ya chanjo ya matano, kwa maana ndivyo zitakavyotolewa siku ya kweli. Kinachopimwa kisiwe wingi wa kingamwili peke yake, bali aina yake, umri wake mpaka mtoto atimize miaka miwili, na hali ya seli za CD4 baada ya kila sindano. Na kituo kimoja angalau kiwe mashariki mwa Kongo, chenye friji kama zetu na barabara kama zetu, ili chupa zitakazotikiswa na muuguzi mwishoni mwa safari zihesabiwe katika matokeo.